Kosa la Kuitangulia Serikali

Wanaosema Jamhuri ya Shwari imebaki nyuma hawajapata kuiona kompyuta ya Rais wake. Ni kubwa, nyeusi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pamewekwa maua ya plastiki. Kwa muda mrefu Mtukufu Rais aliitumia kwa shughuli zote za taifa zinazohitaji mahali pa kuegemeza kiwiko.

Mimi ni raia mtiifu wa nchi hiyo. Nayasimulia haya kwa nia njema tu, ili nchi nyingine nazo zipate kujifunza kwetu, na anayetafuta ubaya ndani yake atakuwa amekuja nao mwenyewe.

Mambo yalianza pale Waziri wa Vitendea Kazi, Dakta Machumu Kilave, aliporudi kutoka semina ya ng'ambo akiwa amejaa habari kama gunia.

"Mtukufu," alimwambia Rais, "miaka yote hii tunanunua programu za wageni, kumbe tumekalia mali. Ndani ya kila kompyuta mna zana. Zimo tangu inatoka kiwandani. Hazitumiki!"

Rais akashtuka. "Nani anazuia?"

"Ujinga, Mtukufu."

"Akamatwe."

Ikazinduliwa kampeni ya Tumia Kilichomo. Zilishonwa fulana, yakapakwa mabango, na kila wizara ikaagizwa ifungue kompyuta zake, itoe zana zilizomo na kuonyesha matokeo.

Wizara ya Fedha ilipata Kikuza, yaani kile chombo cha kuwasaidia wenye macho mabovu, kinachofanya maandishi yaonekane makubwa. Waziri wa Fedha akakiweka juu ya jedwali la mapato, na mbele ya Bunge zima uchumi ukakuzwa papo hapo. Wabunge walipiga meza mpaka glasi zikaruka. Mbunge mmoja wa viti vya nyuma aliuliza kama madeni nayo hayakukua. Alitolewa nje kwa kuwaziba wenzake wasione.

Polisi walipata Kitafutio. Mama mmoja alikwenda kituo kikuu kuulizia habari za mwanawe aliyechukuliwa na gari lisilo na namba. Zamani mama kama huyo angezungushwa wiki nzima, njoo leo, njoo kesho. Safari hii afisa aliandika jina la kijana, akabonyeza, na kompyuta ikajibu hapohapo: *Hakuna kilichopatikana.*

"Umeona, mama?" afisa akamwambia kwa upole. "Hata kiti hakijapata joto."

Wizara ya Maji wao walifungua chombo kinachoonyesha kazi zinazoendelea na zilizokwama. Kwenye mstari wa Wizara ya Maji kikaandika neno moja: *Haijibu.* Wananchi wa mitaa mingi walifarijika kwamba hatimaye jambo hilo limethibitishwa kitaalamu.

Ndivyo tulivyokuwa tunasonga mbele, mpaka asubuhi moja kompyuta ya Rais yenyewe, kwa kufunguliwa zana zote kwa pamoja, ikaganda. Dakta Machumu aliitwa, akaja mbio na kofia mkononi. Akainama, akatafuta, akabonyeza mahali palipoandikwa *Rejesha*. Kioo kikawa cheusi. Watu wote waliokuwamo chumbani wakasimama, maana hawakujua kama panahitajika heshima ya mwisho. Kisha kompyuta ikaamka, nyepesi, safi, kama mtu aliyeoga.

"Umeifanya nini?" Rais aliuliza.

"Nimeirudisha, Mtukufu. Chombo hiki kinakumbuka siku ambazo kompyuta ilikuwa na afya. Unachagua siku, unabonyeza, inarudi vilevile ilivyokuwa siku ile. Yaliyoingia baadaye yanakuwa hayajawahi kuwapo."

Rais aliegemeza kiwiko juu ya kompyuta. Siku zile kipindi chake cha mwisho cha uongozi kilikuwa kinaelekea ukingoni, lakini mtu mwenye adabu hawezi kudhani kwamba hilo ndilo alilokuwa akiliwaza.

"Machumu," alisema, "kumbukumbu za nchi ziko wapi?"

"Zote ziko kwenye kompyuta ya Masjala Kuu, Mtukufu. Ndoa, vizazi, vifo, kesi, vyeo, mashamba."

"Nayo ina chombo hiki?"

"Kimo, Mtukufu. Kila kompyuta kimo."

"Basi," Rais akasema, "tumia kilichomo."

Siku iliyochaguliwa ilikuwa ile iliyofuatia kuapishwa kwake, miaka mingi nyuma. Jioni Rais alilihutubia taifa kwa redio, na sauti yake ilikuwa ya baba aliyepata dawa ya mwanawe.

"Ndugu wananchi," alisema, "nani asiyeikumbuka siku ile? Mvua ilinyesha. Unga ulipatikana. Mlinipenda. Tangu hapo tumezongwa na mambo, tukachoka, tukaanza kunung'unika. Hatukosi chochote ila ile siku yenyewe! Basi kesho asubuhi sote tutaamka palepale. Wataalamu wamenihakikishia kwamba haitauma."

Ikatungwa na sheria ya kusaidia. Yeyote atakayeonekana anaishi tofauti na masjala inavyosema, atakuwa ametenda kosa la kuitangulia Serikali.

Katika mtaa wetu wa Mabatini alikuwako fundi cherehani mmoja aitwaye Nyamizi. Alikuwa akishona sare za shule, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Mumewe, Lusajo, alikuwa mwokaji mikate. Walikuwa na binti mmoja, Tunu, ambaye ndiyo kwanza meno ya utotoni yanaanza kumng'oka.

Asubuhi ya urejeshaji, wakiwa mezani wanakunywa chai, hodi ikapigwa. Alikuwa Bwana Chogo, mtendaji wa mtaa, na mgambo wawili. Nyuma yao alisimama mwanamume mwenye begi la nguo na redio kwapani. Nyamizi alipomwona alikaza mkono kwenye mwimo wa mlango. Alikuwa Ndimbo, mume wake wa kwanza, ambaye waliachana zamani.

"Bibi Nyamizi," Chogo alisema bila kumtazama usoni, "nimekuletea mumeo."

"Mume wangu yuko ndani anakunywa chai."

"Huyo tutamfikia."

Ndimbo akakohoa. "Nyamizi, samahani. Mimi nilikuwa kwangu nimetulia na mke wangu. Wamekuja wamemchukua, wamempeleka kwa mume wake wa zamani, na yeye analia. Nyumba wamempa mpangaji wa siku zile. Mimi wakaniuliza, wewe wa wapi? Kompyuta ikasema wa hapa."

"Tuliachana, Bwana Chogo!" Nyamizi akasema. "Wewe mwenyewe ulikuwa shahidi. Ulikaa hapo, kwenye kiti kile."

"Nakumbuka, dada yangu. Na nilisikitika sana. Lakini nakumbuka kama binadamu. Kama mtendaji, sikumbuki."

Lusajo alikuwa amesimama nyuma ya mkewe, kikombe mkononi. "Na mimi?" aliuliza. "Kompyuta inasema mimi wa wapi?"

Chogo akatoa simu yake, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali, kama mtu anayeomba maandishi yabadilike.

"Wewe uko Gereza la Mwangaza," alisema.

Hapa lazima nieleze. Mwaka ule, muda mfupi kabla Rais hajaapishwa, waokaji mikate waligoma, wakikataa amri ya kuoka mikate midogo na kuiita mikubwa. Lusajo alikuwa mmoja wao. Alifungwa, akatumikia kifungo chake chote, akaachiwa. Baada ya hapo ndipo alipokutana na Nyamizi, wakati huo akiwa ameshaachwa na Ndimbo, wakaoana, wakamzaa Tunu. Lakini siku ile ya mvua na unga, Lusajo alikuwa ndani.

"Nilimaliza kifungo," Lusajo alisema taratibu. "Nilitoka kwa lango kubwa. Mkuu wa gereza alinipa mkono."

"Hilo halijatokea bado, kaka," Chogo akamjibu. "Kwa sasa hivi unahesabiwa umetoroka. Lakini Serikali ina huruma. Ukirudi leo kwa miguu yako, hawatakuongezea."

"Bwana Chogo," Nyamizi akasema, na sauti yake ikapanda, "mtu huyu ana mtoto! Mtoto huyu hapa! Naye utampeleka wapi?"

Tunu alikuwa ameshika sketi ya mama yake, akilisukuma jino linalolegea kwa ulimi. Chogo aliinua macho akayaweka juu kabisa ya kichwa cha mtoto, kwenye dari.

"Mtoto gani?" alisema. Kisha akashusha sauti. "Nyamizi, sikiliza neno la jirani. Mimi sijaona mtoto. Usinilazimishe nimwone."

Lusajo alimaliza chai yake amesimama. Akaingia ndani, akavaa shati jingine, akatoka. Alimwinamia bintiye, akamwambia anakwenda kuoka mikate mahali pa mbali. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwachia nyumba, akamgeukia Ndimbo.

"Mlango wa uani haufungi vizuri," alimwambia. "Mpaka uunyanyue kidogo."

"Sawa, kaka."

"Na mtoto ana pumu. Hapendi kulala chali."

"Sawa, kaka."

Nyamizi alisimama mlangoni akamtazama mumewe akienda katikati ya mgambo wawili. Hakulia. Baadaye aliniambia kwamba aliogopa akilia, mume atakayekuja kumbembeleza atakuwa yule mwingine.

Nchi nzima ilikuwa kwenye hali hiyo hiyo, kila mtu na sehemu yake. Madaktari waliohitimu miaka ya karibuni walirudi kuwa wanafunzi. Walionunua viwanja walivirudisha, na majumba yao juu yake. Magazeti yalichapisha tena habari za siku ile, na yalisomwa kwa makini, maana hakuna aliyetaka kukutwa hajui yatakayotokea.

Nyamizi alikwenda Masjala Kuu. Foleni ilizunguka jengo, na aliposhika nafasi yake ilikuwa asubuhi; jua lilipokuwa linazama nyuma ya mnara wa simu ndipo alipoingia. Alipokewa na Mkurugenzi wa Urejeshaji, Bibi Debora Kagoro, mwanamke mpole mwenye miwani ya mnyororo, aliyemkaribisha kiti na maji.

"Kisa chako kinasikitisha sana," Bibi Debora alisema baada ya kumsikiliza. "Na dawa ipo. Njoo huku uone."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Chini ya maandishi mengi palikuwa na kitufe kidogo, *Tengua Urejeshaji.*

"Hiki ndicho," alisema kwa fahari. "Ukikibonyeza, yote yanarudi kama yalivyokuwa wiki iliyopita. Mumeo, mtoto wako, vyote. Sekunde tu. Watu hawajui jinsi kompyuta hizi zilivyokamilika."

Nyamizi akasogea karibu na kioo. "Basi kibonyeze, dada yangu. Tafadhali."

"Siwezi. Mpaka kwa ruhusa ya Waziri wa Vitendea Kazi."

"Nitakwenda kwa Dakta Machumu."

"Siku ile Dakta Machumu hakuwa Waziri. Waziri alikuwa Mzee Gwamaka."

"Mzee Gwamaka alikufa!" Nyamizi akasema. "Tulipewa mapumziko ya kumzika!"

"Amerejeshwa," Bibi Debora akasema. "Ofisi yake iko juu. Nenda, usiogope. Ni mzee wa adabu, hamkatizi mtu."

Nyamizi akapanda ngazi. Katibu Muhtasi alimwingiza kwenye chumba kikubwa chenye zulia. Nyuma ya meza palikuwa na kiti, na juu ya kiti palikuwa na koti. Mbele ya koti paliwekwa glasi ya maji iliyofunikwa.

"Mheshimiwa," Katibu alilitangazia koti, "huyu ni Bibi Nyamizi wa Mabatini." Kisha akamnong'oneza mgeni, "Sema. Ila fupi, anachoka upesi."

Nyamizi alikuwa amekusudia kugeuka na kuondoka. Lakini miguu haikugeuka. Hapakuwa na mlango mwingine katika nchi nzima ambao mtu angemfungulia. Alipiga magoti kwenye zulia akaliambia koti habari zake zote, habari za mkate, za pumu, za mlango usiofunga, na alipofika kwenye kikombe cha chai alichokiacha Lusajo mezani, machozi yakamtoka mbele ya lile koti. Katibu alisubiri kwa heshima. Kisha akaliinamia koti sikio, akakaa hivyo kitambo.

"Mheshimiwa amekusikia," alisema.

"Amesemaje?"

"Kimya nacho ni jibu, dada."

Ndipo Nyamizi alipoamua kumtafuta Dakta Machumu mwenyewe, aliyeuanzisha moto. Alimkuta kwenye shule moja ya sekondari ya wasichana, pembeni mwa mji, amevaa kaptura nyeupe na filimbi shingoni. Siku ile ya kuapishwa kwa Rais, Machumu alikuwa bado mwalimu wa michezo.

"Shikamoo, mheshimiwa," Nyamizi akamsalimu.

"Usiniite hivyo!" Machumu akasema, akitazama huku na huku. "Niite mwalimu. Unataka nishtakiwe kwa kuitangulia Serikali?"

"Mwalimu, ni wewe uliyebonyeza. Watengulie watu."

"Mimi? Mimi mlango wa Masjala siingii. Jana askari ameniambia walimu wa michezo wapite nyuma." Akafuta jasho kwa ukosi wa fulana, ilikuwa fulana ya Tumia Kilichomo, ameivaa ndani nje. "Niliiangalia tarehe ya Mtukufu peke yake, dada. Yangu niliisahau. Nilikuwa na furaha mno ya kuonyesha kinachofanya kazi."

"Na hakuna njia nyingine? Ndani ya kompyuta hakuna chombo cha msaada?"

"Kimo!" Macho yake yakang'aa mara moja, kama ya zamani. "Kila kompyuta ina kitufe cha Msaada. Nimekibonyeza kwenye kompyuta ya mwalimu mkuu. Kimejibu vizuri kabisa, kwa lugha safi."

"Kimesemaje?"

"Kimesema: *Wasiliana na msimamizi wako.*"

"Msimamizi ni nani?"

Machumu akaishika filimbi yake. "Ni mimi," alisema. "Nilikuwa mimi."

Akaweka filimbi mdomoni ili asilie mbele ya wanafunzi, lakini kilio kikatokea huko huko ndani ya filimbi, na wasichana waliposikia mlio wakaanza kukimbia kuzunguka uwanja. Nyamizi aliondoka wakiwa bado wanakimbia.

Nyumbani, Ndimbo alikuwa analala kwenye chumba cha cherehani, juu ya vitambaa vya sare. Alikuwa akiamka mapema, akachota maji, akafagia uwanja, akajitahidi kutokuwapo. Mgambo walipopita kukagua, alikuwa anakaa kibarazani na kusema kwa sauti, "Mke wangu, leo kuna nini?" Wakishapita, alikuwa anarudi ndani, anaomba radhi.

"Nyamizi," alimwambia siku moja, "unakumbuka nilivyokubembeleza turudiane? Nilituma wazee. Nilikwenda mpaka kwa mganga, sikukuambia. Leo nimepewa kila nilichoomba, wala sijui niweke wapi mikono."

"Iweke mfukoni," Nyamizi alisema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Lusajo aondoke kumsikia akitania.

Tunu hakwenda tena shule. Mwalimu wake alimrudisha kwa upole, akisema darasa halina dawati kwa mtoto ambaye mimba yake haijatungwa. Ofisi ya vizazi nayo ilimshauri Nyamizi awe na subira: tarehe ya kuzaliwa mtoto itafika tena kwa kalenda ya Serikali, na siku hiyo aje naye, kwa masharti kwamba awe mchanga.

Kisha vumbi la kiangazi likaja na pumu ikambana Tunu. Mchana mmoja kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi, midomo imegeuka rangi. Ndimbo alimbeba mgongoni, wakakimbia hadi hospitali, Nyamizi akiwa nyuma na viatu mkononi. Mapokezi waliandika jina la mtoto kwenye kompyuta, wakatikisa kichwa.

"Huyu hayupo," karani wa mapokezi akasema.

"Anakufa!" Nyamizi akapiga kelele.

"Hawezi kufa, mama, hayupo."

Daktari mmoja, mwanamke wa makamo mwenye cheo kilichokuwa hakijafutwa kwa kuwa alikipata zamani, alitoka akamwona mtoto. Hakuuliza neno. Alimvuta ndani, akamwekea hewa ya mashine, na mkono mmoja ukiwa kifuani mwa Tunu, wa pili ukaandika kwenye kompyuta. Mgonjwa: Nyamizi, mkazi wa Mabatini. Hali: mjamzito. Tatizo: mimba inakohoa.

"Dawa zitatoka kwa jina lako," alimwambia Nyamizi. "Kila ikimbana, njoo useme mimba yako inakohoa."

"Ahsante, daktari."

"Usinishukuru. Wakija wakaguzi nitasema ulinidanganya."

Tunu alipona. Jioni, akiwa amekaa kitandani anakunywa uji, aliuliza baba anarudi lini, na ni nani anayemwokea mikate huko. Nyamizi akajua ni lazima akamwone Lusajo, hata kwa kupita tundu la sindano.

Alikuwa ameshakwenda gerezani mara nyingi. Kila mara askari wa getini, kijana mnene mwenye sauti ya upole, alifungua kompyuta yake akamjibu neno lile lile.

"Wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

"Huyu hana mke."

Safari hii Nyamizi hakubishana. Aliuliza tu, "Nani anaruhusiwa?"

Askari akatazama. "Mama yake mzazi. Bibi Tulinagwe. Peke yake. Naye tangu kijana aletwe hajakanyaga hapa hata kwa bahati mbaya." Akatikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. "Wazazi wengine wana moyo wa jiwe."

Bibi Tulinagwe alikuwa amekufa. Nyamizi alikuwa mmoja wa wanawake waliomwosha. Lakini siku ile ya mvua mzee huyo alikuwa hai huko kijijini kwake, na kwa hiyo masjala ilimhesabu hai, anasubiriwa, na anashangaza watu kwa kutokuja kumwona mwanawe.

Nyamizi akarudi nyumbani. Baada ya siku chache alikwenda tena, amejitanda khanga nzito kichwani na kushika fimbo ya ufagio iliyokatwa.

"Nimekuja kumwona mwanangu Lusajo," alisema. "Mimi ndiye Tulinagwe."

Askari aliandika jina. Akasoma. Akainua macho akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake, ngozi laini, meno yote kinywani. Akarudisha macho kwenye kompyuta.

"Hapa panasema umeshapita miaka sabini."

"Ndiyo, mwanangu."

Inzi alitembea juu ya kioo, kutoka jina hadi tarehe.

"Umejitunza, mama," askari akasema mwishowe. "Shikamoo."

"Marahaba."

Akaingizwa kwenye chumba chenye wavu katikati. Askari mwingine, mzee kidogo, alisimama ukutani kusikiliza. Lusajo akaletwa kutoka upande wa pili. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa vibaya. Alipomwona mkewe, mdomo ukamfunguka na jina likawa linakuja.

"Mwanangu!" Nyamizi akamuwahi. "Humsalimu mama yako?"

Lusajo alimtazama. Akaitazama khanga, akaitazama fimbo, akamtazama askari.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

Wakakaa. Vidole vyao vilikuwa juu ya meza, kila mmoja upande wake wa wavu.

"Nyumbani hawajambo?" Lusajo aliuliza. "Tunu hajambo?"

"Tunu ni nani?" askari akadakia kutoka ukutani.

"Mjukuu wangu," Nyamizi akamjibu. "Hajazaliwa bado."

"Mnampa jina mapema hivyo?"

"Kwetu ndiyo desturi."

Askari akaguna, akatulia.

"Hajambo," Nyamizi akaendelea, akimtazama Lusajo. "Alibanwa kidogo na kifua, amepona. Jino la pili limetoka. Amelihifadhi kwenye kibweta, anasema atamwonyesha baba yake."

Lusajo aliinamisha kichwa. Askari aliwatazama, kwanza mmoja, kisha mwingine, halafu akageukia ukuta, akaanza kusoma kanuni za gereza zilizobandikwa pale, kwa makini, kama mtu ambaye hajapata kuziona.

"Nimebakiza muda wangu ule ule wa zamani," Lusajo alinong'ona. "Ningeuvumilia. Nimeshaumaliza mara moja, najua unavyokwenda. Lakini redio ya huku imesema nchi ikichoka tena, na kipindi cha Mtukufu kikikaribia kwisha, watabonyeza tena."

"Nimesikia."

"Warudi siku ile ile."

"Nimesikia, mwanangu."

Lusajo akatazama vidole vya mkewe vilivyokuwa na alama za sindano, akavitazama mpaka kengele ikalia.

"Muda, mama," askari akasema, bado ameukabili ukuta.

Nyamizi akainuka. "Kula chakula chako," alimwambia Lusajo. "Usigombane na watu."

"Ndiyo, mama."

Alitoka akapita uwanjani kwenye jua kali, kuelekea getini, ambako yule askari kijana alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake, anamtazama. Nyamizi akainamisha mgongo, akaiegemea fimbo, na akapunguza hatua mpaka zikawa za mwanamke wa umri ule. Askari akamfungulia lango.

"Njoo tena, mama," alimwambia. "Usimtupe mwanao."